Maji yale ulimmwagia nani?

Glasi ilikuwa mkononi mwangu. Hilo nalikumbuka kuliko hata kasida iliyokuwa ikisomwa.

Mfungo Sita, maulidi ya kina mama, Ngamiani, Tanga, uani kwa jirani. Tumebanana kwenye mikeka goti kwa goti, moshi wa udi unatuwasha macho. Ilipofika pahali pa kusimama, wote tukainuka. Shangazi yangu akainuka wa mwisho. Mkono mmoja ameuegemeza begani kwangu, wa pili umekamata kanga mbele, na kabla hajanyooka akakohoa. Kikohozi chake kile kikavu, cha mara mbili mbili. Nikaangalia chini.

Pale alipokuwa amekaa, mkeka ulikuwa umegeuka rangi. Alama kiasi cha kisahani, na inakua.

Nyuma yetu mtoto wa miaka sita hivi akasema kwa sauti ambayo watoto hawajui kuipunguza: "Mama, hapa pameloa."

Nikamwaga maji.

Sikufikiri. Niliinamisha glasi kama mtu aliyeteleza mkono, nikasema, "Jamani nisameheni, mimi huyo." Wawili watatu wakacheka, mmoja akanirushia kitambaa, kasida ikaendelea. Shangazi hakunitazama. Alijifunga kanga ya pili kiunoni, na watu walipokaa tena yeye akatoka. Pilau lake nilimpelekea nyumbani.

Usiku ule nilijipongeza. Nimemsitiri mtu mzima mbele ya watu.

Kujipongeza kule kulidumu siku mbili.

Kamba ya nyuma

Shangazi ameniruhusu kuandika haya kwa masharti mawili: nisimtaje jina, na nisiseme ni barabara ya ngapi. Ngamiani ukishataja namba ya barabara, umeshataja na mlango.

Ana miaka 61. Watoto sita amewazaa mwenyewe, na mimi ni wa saba wa kuokota, kwani nimelelewa naye tangu nikiwa darasa la tatu. Mume wake alikuwa mtu wa reli, Mungu amrehemu.

Dalili zilikuwepo miaka minne na wote tuliziona. Kanga zake hazianikwi tena kwenye kamba ya mbele, zinaanikwa nyuma ya choo pasipo na jua la kutosha. Chumbani kwake panafukizwa udi saa saba mchana, saa ambayo hakuna mgeni. Harusini anakaa karibu na mlango na kwenda nyumba ya mtu asiyejua choo kiko wapi hataki. Tarawehe aliacha. Akasema magoti.

Sisi nyumbani tukasema uzee.

Neno "uzee" kwetu linafanya kazi ya kufuli. Ukilitamka, mazungumzo yamefungwa, na hakuna anayeulizia ufunguo. Dada yake marehemu alikuwa hivyo hivyo. Bibi yao pia, wanasema. Imeshakuwa kama urithi, kama lile sanduku la mninga lenye vitasa vya shaba: limetoka kwa fulani, limekwenda kwa fulani, litakuja kwako.

Na hapa ndipo kujipongeza kwangu kulipoanza kuchacha.

Maana mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nina miaka 42 na watoto watatu, wa mwisho alizaliwa na kilo nne na kitu, kwa shida. Tangu yeye, nikipiga chafya natoka matone. Vumbi la chaki na chafya ni ndugu, wenzangu walimu mnajua. Sketi zangu zote za kazini ni nyeusi au bluu nzito, na wazazi hudhani ni staha ya ualimu. Kipindi ni dakika 40 na mimi navihesabu vipindi kwa pedi.

Kwa hiyo mkono uliomwaga maji haukuwa mkono wa huruma peke yake. Ulikuwa mkono wenye uzoefu. Mimi mbinu ya maji nilikuwa nayo siku nyingi. Nimewahi kujimwagia chupa nzima ya maji ya kunywa ofisini siku ya mafua.

Dirishani

Miaka mitatu nyuma nilijaribu. Nilikwenda zahanati moja, siitaji, nikamnong'oneza aliyekuwa zamu kwamba mkojo unanitoka nikikohoa. Akaandika "UTI" kabla sijamaliza sentensi. Hakuna aliyepima mkojo wenyewe. Nikameza vidonge siku saba, hakuna kilichobadilika, nikarudi, nikapewa vingine. Mara ya tatu, kijana wa dirisha la dawa akainua karatasi akaita ukumbini: "Yule mama wa mkojo yuko wapi?"

Sikuinuka. Nilikaa mpaka watu wakapungua, nikatoka mlango wa pembeni.

Sijui kama yule kijana alikuwa na nia mbaya. Sidhani. Lakini sentensi yake ilinitosha miaka mitatu.

Ungo

Wiki tatu baada ya maulidi tulikuwa barazani kwa ndani, mimi na Shangazi, tunachambua mchele. Ungo mmoja, watu wawili. Hiyo ndiyo nafasi nzuri ya kusema neno zito, kwa sababu macho yote yako kwenye mawe.

Nikasema, "Shangazi, siku ile ya maulidi."

"Nilikuona ukimwaga," akasema. Hakuinua kichwa. "Nilikuombea dua usiku kucha. Nikasema mwanangu kanisitiri, Mungu naye amsitiri."

Nikachambua jiwe moja. La pili. Kisha nikamwambia kuhusu sketi nyeusi, chafya, chaki, dirisha la dawa. Sikuwahi kumwambia mtu, hata baba watoto, ambaye ananiona nikiamka usiku mara mbili na kudhani nakwenda kuangalia mlango.

Shangazi akaweka ungo chini.

"Yaani weye pia."

"Ndiyo, Shangazi."

Akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza swali ambalo limenikaa kooni mpaka leo ninapoandika: "Sasa maji yale ulimmwagia nani?"

Kamba zimelegea

Tulikwenda pamoja. Sharti lake lilikuwa hilo: kila mmoja aingie kama mgonjwa, asiwepo msindikizaji. Tukampata daktari wa wanawake, mama mtu mzima, aliyefunga mlango kwanza ndiyo akauliza. Mtu akifunga mlango kabla ya kukuuliza, nusu ya tiba umeshapata.

Alitaka kujua jambo moja ambalo sikuwahi kuulizwa: unatoka *lini*? Ukikohoa, ukicheka, ukinyanyua ndoo? Au hamu inakuja ghafla, unakimbia, hufiki? Au unatoka tu, usiku na mchana, hata ukiwa umelala, bila kusukumwa na kitu?

Kumbe hayo ni matatu tofauti, na dawa ya moja si dawa ya jingine.

La kwanza ndilo langu. Alinieleza kwa mfano wa kitanda cha kamba, na mimi niliyekulia kwenye kitanda cha kamba nikaelewa papo hapo. Chini ya nyonga kuna misuli imewambwa, kutoka kinena mbele mpaka kifandugu nyuma, kama kamba kati ya mifumbati. Kibofu kimelala juu yake, na kizazi, na utumbo wa mwisho. Mimba inaielemea miezi tisa, mtoto anaivuta akipita, na kadiri mtoto alivyo mkubwa na uchungu ulivyo mrefu ndivyo inavyovutika. Kitanda kikilegea, ukikaa kwa kishindo unagusa chini. Chafya ni kishindo. Tumbo linasukuma kibofu, kamba hazirudishi, matone yanatoka. Hakuna uchafu hapo wala vijidudu. Vile vidonge vya siku saba vilikuwa vinatafuta adui asiyekuwepo.

La pili ni kibofu chenye kiherehere. Kwa kawaida kibofu kinajaa taratibu, kinavumilia mpaka mililita 300 au zaidi, ndipo kinakupa taarifa kwa adabu. Cha kiherehere kinajikaza kikiwa na kikombe tu, na kinataka sasa hivi. Shangazi alikuwa nacho hicho, na kamba zake pia zimelegea. Mchanganyiko, kama wengi wa umri wake.

La tatu daktari aliliuliza kwa makini zaidi. Mwanamke aliyekaa na uchungu siku mbili, mtoto amekwama, kisha baadaye mkojo ukawa unatoka wenyewe bila kukoma, huyo huenda ana fistula: tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi, lililotokana na kichwa cha mtoto kubana nyama mpaka ikafa. Huyo mazoezi hayamsaidii, anahitaji kushonwa. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, wanafanya upasuaji huo bila malipo. Ninaandika kwa sababu kuna msomaji mmoja, nahisi, ambaye ana dada yake kijijini anayeambiwa amelogwa.

Na kama mkojo una damu, au unauma, au miguu imekufa ganzi ghafla na mkojo umeanza kutoka, usisome blogu. Nenda.

Daftari la Shangazi

Tulipimwa mkojo, safari hii kweli. Tukapimwa sukari, maana kisukari kinaongeza mkojo na kuchosha mishipa ya fahamu ya kibofu. Tukachunguzwa kama kizazi kimeshuka. Hakuna. Kisha tukapewa kazi ya nyumbani: siku tatu, andika kila unachokunywa, kila unapokwenda chooni, kiasi gani, na kila unapovuja ulikuwa unafanya nini.

Shangazi akachukua jagi la plastiki lenye alama, akalifunga uzi mwekundu wasije watoto wakatengenezea juisi. Nikampa daftari la shule. Siku ya nne akanirudishia limejaa.

Ameandika kwa hati za Kiarabu.

Kiswahili chetu hiki hiki, lakini kwa hati aliyofundishwa chuoni, madrasa, utotoni, kutoka kulia kwenda kushoto, kwa kalamu ya bluu, nadhifu kuliko daftari lolote nililowahi kusahihisha. "Baada ya laasiri, chai ya tangawizi, vikombe viwili. Kikohozi. Kidogo." "Usiku mkubwa, choo, robo kikombe. Sikufika." Nilimsomea daktari mstari kwa mstari, na nusu ya njia sauti ikanikatika, nikasingizia chafya, na kusingizia chafya kwa mtu wa hali yangu ni ujasiri.

Daftari lile lilisema mambo ambayo sisi wawili hatukuyajua. Safari 14 za chooni kwa siku, nyingi za kijiko. Chai ya rangi nzito mara tano, na kahawa jioni. Maji matupu karibu hakuna, kwa sababu alikuwa ameamua asipokunywa hatatoka. Mkojo mchache ni mkali, unakichokoza kibofu, na choo kikubwa kinakuwa kigumu, nacho kikikaa kinakisukuma kibofu kwa nyuma. Alikuwa anajinyima maji ili apone, na kule kujinyima ndiko kulikuwa kunampa ugonjwa.

Kisha daktari akaweka kidole kwenye neno lililorudiwa kila ukurasa. *Kikohozi.*

"Unameza dawa gani ya presha, mama?"

Kaptoprili. Miaka minne.

Dawa hiyo na jamaa zake huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichoisha. Miaka minne tulikuwa tunamnunulia Shangazi dawa za maji za kifua, asali, tangawizi, hata mafuta ya habasoda. Kidonge cha presha kinamkohoza, kikohozi kinamtoa mkojo, mkojo unamtoa msikitini. Mnyororo mzima umeanzia kwenye pakiti iliyokuwa juu ya friji, na hakuna aliyeuliza kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kuna mkojo.

Akabadilishiwa dawa ya jamii nyingine. Wiki ya tatu kikohozi kikaisha. (Wenye dawa hiyo, msiitupe kwa kunisoma mimi. Presha inaua. Mwambieni aliyewaandikia.)

Somo alijua

Mtaalamu wa mazoezi ya tiba alikuwa binti wa miaka 28 hivi. Akatueleza kwa aibu ya kitaalamu: mtafute ule msuli unaozuia upepo usitoke mbele za watu, na ule unaozuia mkojo, uvute vyote ndani na juu kama unameza kitu kwa chini. Shikilia ukihesabu taratibu mpaka sita, nane, kumi ukiweza. Achia kabisa. Pumzika. Mara nane. Mara tatu kwa siku. Miezi mitatu bila kukosa ndipo uniambie haifanyi kazi.

Shangazi akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika kiti, halafu akaacha ghafla na kubana, na sote watatu tukaelewa kwa nini.

"Mwanangu," akamwambia yule binti, "haya si mambo ya somo?"

Kweli. Mimi mwenyewe kabla ya kuolewa, ndani, milango imefungwa, somo wangu, yule kungwi aliyenifunda, alinifundisha kubana na kuachia. Hesabu ile ile. Sikumbuki kama alisema nane, lakini pumzi alisema, na usikaze matako alisema, na asionekane mtu usoni mwako alisema. Daktari mmoja Mmarekani, Arnold Kegel, aliandika kuhusu mazoezi hayo mwaka 1948 na dunia ikayapa jina lake. Somo wangu hakumjua.

Lakini somo alinifundisha kwa ajili ya mume.

Hakusema: ukizaa, endelea, kwa ajili ya kibofu chako. Hakusema ni misuli, na misuli hulegea, na hukazwa tena hata ukiwa na miaka 60. Elimu ilikuwepo ndani ya nyumba zetu, imefungwa kwenye kanga, na ilielekezwa kwa mtu mwingine. Nimekasirika kwa wiki kadhaa juu ya hili na sijui nimkasirikie nani. Somo wangu mwenyewe, kabla hajafariki, alikuwa anaanika kanga zake nyuma.

Shangazi hakukasirika. Alisema, "Basi sasa tunabana kwa ajili yetu."

Yapo makosa ambayo nimeyafanya yote. Nilikuwa nabana tumbo na kushika pumzi; hapo unasukuma chini badala ya kuvuta juu. Nilikuwa najipima kwa kukata mkojo katikati kila asubuhi. Mara moja kuutafuta msuli haidhuru, kuifanya desturi ni kukivuruga kibofu. Na nilikuwa nasahau. Dawa ya kusahau ni kuyafunga mazoezi kwenye kitu kisichosahaulika: mimi nabana wanafunzi wakiimba wimbo wa taifa mstarini. Uso wa kizalendo kabisa.

Ile iliyonisaidia mapema zaidi ni ndogo: kubana *kabla* ya chafya. Ukiisikia inakuja puani, vuta kwanza, ndipo upige. Kama kushika kuta za ndoo kabla ya kuinyanyua. Wiki ya pili tu nilianza kushinda chafya moja kati ya tatu.

Nikaambiwa pia nipunguze mwili. Ni kweli kwamba uzito unaelemea zile kamba. Bado nina kinyongo.

Vituo

Kwa kibofu cha kiherehere kubana hakutoshi, kinatakiwa kufundwa upya. Shangazi wakati mwingine alikuwa anakwenda kila baada ya dakika 45, hamu iwepo isiwepo. Akaambiwa aanzie hapo hapo, kisha kila wiki aongeze dakika 15. Hamu ikija kabla ya wakati, asikimbie. Kukimbia kunakithibitishia kibofu kwamba ni kweli kuna dharura. Asimame au akae, abane haraka haraka mara tano sita, na aipeleke akili kwingine mpaka wimbi lipite. Linapita. Hilo ndilo alilokuwa halijui miaka yote: kwamba hamu ni wimbi, inapanda na inashuka, na ukiisubiri ishuke unakwenda chooni kwa miguu yako.

Akili yake aliipeleka relini. Alikuwa anataja vituo alivyokuwa akipita marehemu: Pongwe, Ngomeni, Muheza, Mnyuzi, Korogwe. Ukimkuta ameshika nguzo ya jikoni amefumba macho, midomo inacheza, usimsemeshe. Yuko Mnyuzi.

Chai akaishusha vikombe viwili, nyepesi. Kahawa ya jioni ilimwuma kuiacha kuliko yote. Maji akaanza kunywa, mchana zaidi, jioni machache. Kiherehere kile kingegoma, daktari alisema vipo vidonge vya kukituliza, ingawa vinakausha mdomo na kufunga choo, na kwa wazee baadhi yake vinavuruga kumbukumbu, kwa hiyo si vya kukimbilia. Kwa ukavu wa baada ya hedhi kukoma kuna krimu ya homoni ya kupaka ndani. Kwa waliolegea kama mimi kuna kipete laini cha kuvaa ndani, na mwisho kabisa upasuaji, ambao una faida zake na madhara yake. Ile kamba ya wavu wa plastiki Uingereza waliisimamisha mwaka 2018 baada ya wanawake wengi kulalamika kwamba imewaumiza. Sisi hatukufika huko.

Udhuru

Kilichobaki kilikuwa tarawehe, na hapo daktari hakuwa na dawa.

Nilikwenda kwa mwalimu wetu wa darsa, mwanamke, nikamwuliza kama vile nauliza kwa ajili ya mtu mwingine. Akanitazama kwa muda. Akasema wanaouliza kwa ajili ya mtu mwingine ni wengi mno mjini hapa, huyo mtu mwingine atakuwa amechoka.

Jibu lake lilikuwa fupi. Asiyeweza kuzuia mkojo ana udhuru. Wakati wa sala ukiingia, ajisafishe, ajifunge kitambaa safi au pedi, atie udhu, asali asicheleweshe bila sababu. Kitakachotoka baada ya hapo hakimvunjii. Sala ya faradhi inayofuata, anaanza upya. Mcheni Mwenyezi Mungu kadiri muwezavyo, ndivyo ilivyo katika Suratut-Taghabun. Na kwa madhehebu yetu ya Shafi, udhu huo mmoja wa faradhi unabeba na sala za sunna ziwe ngapi.

"Hata tarawehe?"

"Anasali isha, anaunganisha tarawehe. Za nini zisifae?"

Nilipompelekea Shangazi jibu hili nilitegemea afurahi. Alikaa kimya, akawa anakunja kanga ambayo ilikuwa imeshakunjwa. Kisha akasema, "Ramadhani nne."

Akatoka kwenda kumwagia kuku maji, na mimi nikabaki na ule ukunjo wa kanga mbele yangu, na nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba lile halikuwa jambo la kumfuata nalo uani.

Tungejua tungeuliza. Lakini kuuliza kulihitaji mtu aseme kwanza, na sisi tuna neno stara, neno zuri, ambalo nalipenda na nitawafundisha wanangu. Sasa hivi tu nikilisikia naikumbuka ile glasi, na sijui bado kama nilichofanya kilikuwa stara au kilikuwa kufuli jingine. Mtoto yule alisema pameloa. Angeweza mtu mmoja pale kusema, "Ndiyo mwanangu, ni mkojo, nami nina wangu," na huenda nusu ya mkeka ingeinua mkono. Au huenda Shangazi asingetoka nyumbani tena. Nimeligeuza wiki nyingi na kila upande lina ukweli wake.

Sijampa jibu la swali lake. Ameacha kuuliza.

Chungwa

Miezi mitatu ilikwisha, ikaingia wa nne. Mimi chafya nazishinda nyingi, ila kuruka kamba na wasichana wa darasa la nne bado sithubutu. Shangazi anakwenda chooni mara nane, usiku mara moja. Pedi bado anavaa akitoka, "ya ulinzi". Kanga nyingine zimerudi kamba ya mbele. Nyingine bado ziko nyuma, na siulizi.

Juma lililopita mjukuu wake aliolewa Dar. Harusi mbili za nyuma za huko hakwenda. Basi la saa moja asubuhi, stendi ya Kange, viti vya mbele, mimi nikimbebea mfuko wenye kanga tatu na chupa. Usiku hakulala. Nilimsikia akimwuliza kondakta, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba, mnachimba dawa wapi?" na kondakta akajibu kwa heshima, "Segera bibi, na kabla ya hapo ukitaka nambie tu."

Pongwe, akanong'ona tulipopita. Ngomeni.

Muheza vijana wakaja madirishani na machungwa yaliyomenywa nusu. Kwa miaka yote niliyosafiri naye Shangazi hakuwahi kutia kitu mdomoni safarini, hata ulimi wa maji. Akafungua ncha ya kanga, akatoa noti ya elfu, akachagua kwa kuyapima uzito kiganjani kama anayenunua samaki.

Nikamtazama.

"Nini?" akasema.

Basi likaondoka. Akalitoboa la kwanza kwa meno, akalikamua mdomoni, na maji yakamshuka kwenye mkono mpaka kiwikoni, wala hakuyafuta.